Kiingereza Alichonyang'anywa Madam Tesha

Saa tisa na nusu alasiri, Mektrida Tesha anafuta ubao kwa kiganja cha mkono. Kifutio kimebaki shuleni, na shule imeshafungwa. Ubao wenyewe ni mlango mkuukuu uliopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa ukutani, ndani ya ghala la kahawa la chama cha msingi, huku Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Mbele yake wamekaa wanafunzi thelathini na wanne wa kidato cha kwanza. Wengine wamekalia magunia matupu, wengine mbao zilizokuwa zikipangiwa magunia enzi ghala hili lilipojaa hadi mlangoni. Mwalimu anaandika sentensi moja ya Kiingereza, makosa yake yakiwamo: "My mother sell bananas."

"Nani anauza ndizi?" anauliza.

"Mama," darasa linajibu.

"Mama ni wangapi?"

"Mmoja, Madam."

"Kwa Kiswahili tunasemaje?"

"Mama anauza ndizi."

"Hiyo 'a' ya mwanzo, katika 'anauza', ina kazi gani pale?"

Msichana mmoja wa mbele anasema polepole, "Inaonyesha ni yeye."

"Ndiyo. Kiswahili kinamfunga mtu kichwani mwa kitenzi. Kiingereza kinamfunga mkiani. Sasa huyu mama wa ubaoni, mkia wake uko wapi?"

Msichana anainuka, anachukua chaki, na kuongeza herufi "s" mwishoni mwa "sell". Mwalimu hapigi makofi. Anawaambia waandike sentensi kumi kuhusu watu kumi wa nyumbani kwao, kila mmoja na kazi yake, kabla hawajaenda kukata majani ya ng'ombe.

"Umeona imechukua muda gani?" anasema baadaye, akijipangusa vumbi la chaki kwenye kanga aliyojifunga juu ya sketi. "Dakika tano. Hapa kijijini kuna watoto waliokaa shule miaka miwili bila mtu kuwapa hizo dakika tano. Watu wananiambia, Mwalimu una hasira sana siku hizi. Mimi nawauliza, nyie mmewezaje kukosa hasira?"

Ni Agosti mwaka 2004. Mektrida ana miaka arobaini na miwili, na kumi na minane kati ya hiyo ameitumia katika ualimu. Wanafunzi humwita Madam. Majirani humwita Mama Valerian, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, maana mshahara wake, shilingi laki moja na ishirini elfu kwa mwezi, haufiki tarehe ishirini.

Hasira yake ina mizizi mirefu kidogo. Mwaka 1976 aliingia kidato cha kwanza akiwa wa kwanza kwa alama katika shule yake ya msingi. Miaka saba alikuwa amesoma kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani waliongea Kichagga. Jumatatu ya kwanza ya sekondari, mwalimu wa jiografia alimwuliza kwa Kiingereza jina la mto. Mektrida akajibu, "Yes." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka.

"Nilikaa miezi mitatu sijainua mkono," anasema. "Nilikuwa nayajua yale mambo. Mto nilikuwa naujua. Ila mdomo ulikuwa umefungwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtu mwingine."

Aliyeufungua ni mwalimu mmoja wa Kipare ambaye hakuona aibu kueleza sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mektrida aliapa kwamba akiwa mwalimu atafanya vilevile, na ndivyo alivyofanya tangu alipotoka chuo cha ualimu mwaka 1986. Tofauti ya wakati uliopita na wakati timilifu, ambayo huwachanganya hata watu wazima, yeye huianzia nyumbani kwa mtoto.

"Nawauliza, kwa Kichagga jambo la leo asubuhi na jambo la mwaka juzi unalisema kwa namna moja? Wanasema hapana. Basi, nawaambia, nyie mnajua kupanga wakati tangu mko mgongoni kwa mama. Kiingereza kina mpango wake tu. Tuuangalie."

Kwa mbinu hizo, wanafunzi wake katika Sekondari ya Kyoreni, shule iliyojengwa na wananchi wenyewe mwanzoni mwa miaka ya tisini, walikuwa wakivuka mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Si wote, lakini wengi. Hapo ndipo penye kizingiti. Asiyefikia alama ya kuvuka hurudia mwaka, na akianguka tena, safari yake ya shule imekwisha.

Kisha, Januari 2002, mkuu wa shule, Sirili Minja, aliwaita walimu ofisini na kuwapa habari njema.

Shirika moja la wageni, ambalo huwaleta vijana wa Ulaya kujitolea kabla ya kupanda mlima, lilikuwa limeichagua Kyoreni. Vijana hao wangefundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili. Shirika nalo lingejenga maabara. Mkataba ni wa miaka mitatu.

"Akasema watoto sasa watafundishwa na wenye lugha yao," Mektrida anakumbuka. "Halafu akanigeukia. Madam Tesha, wewe tutakupa Uraia, kidato cha tatu na cha nne. Na utunze funguo za stoo ya majembe."

Habari ilifika vijijini kabla ya jua kuzama, na wazazi walifurahi. Mtu hawezi kuwalaumu. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka hadi watu wanaing'oa vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, na kupanda nyanya. Moshi mjini zilikuwa zinachipuka shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na karo ya muhula mmoja katika baadhi yake ilizidi mshahara wa Mektrida wa miezi mitatu. Leo mzungu anakuja darasani kwa mwanao bila ada. Nani angekataa?

Primus Kessy hakukataa. Primus ni mpagazi wa mlimani, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye shingo nene kwa kubeba mizigo ya wageni. Binti yake, Bernadetha, alianza kidato cha kwanza mwezi huohuo.

"Mimi Kiingereza nimekiokota njiani, kati ya kambi na kambi," Primus anasema. "Twende, pumzika, maji, pole pole. Nikasema, mwanangu atakisoma kutoka kwa mwenyewe. Nilimnunulia mbege kila mtu aliyekuwa kilabuni siku ile."

Wageni walianza kuja. Wengi wao walikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, wametoka kumaliza shule kwao. Walikuwa wachangamfu. Walileta kalamu za rangi na mipira, walijifunza kusema "shikamoo" na kumsalimia nayo kila mtu, hadi watoto wa chekechea. Kila mmoja alikaa wiki sita, kisha akapanda mlima, kisha akarudi kwao. Baada ya wiki mbili au tatu za vipindi vitupu, alikuja mwingine.

Mektrida alifundisha Uraia na kutunza majembe. Alisikia nyimbo na vicheko kutoka darasa la kidato cha kwanza, akajiambia asiwe na roho ya kwa nini. Pengine wanajua wanachofanya. Hivyo ndivyo miezi ishirini ilivyopita.

Oktoba 2003, wakati wa chai ya saa nne, mgeni wa tisa alimfuata katika chumba cha walimu. Aliitwa Hanna. Alikuwa na daftari mkononi na uso mwekundu.

"Alisema kuna mwanafunzi amemwuliza tofauti ya 'he went' na 'he has gone', yaani alienda na ameenda," Mektrida anasimulia. "Akasema hajui kueleza. Yeye anasikia tu sikioni kwamba hapa inafaa hii na pale inafaa ile. Hajawahi kufundishwa kwa nini."

Mektrida alivuta kiti na kumweleza. Ukisema alienda, safari ilishapita, na huenda mtu alisharudi. Ukisema ameenda, hajarudi, nafasi yake bado iko wazi. Akamchorea mstari na nukta. Hanna aliandika yote, akauliza maswali matatu, na chai ikapoa.

"Alipomaliza akaniangalia, akasema, wewe ndiye ungekuwa unafundisha hili somo. Nikamwambia, mwambie Mkuu. Na kweli alikwenda kumwambia. Huyo binti sina ugomvi naye. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa na adabu ya kukiri asichokijua. Wenye miaka hamsini walikuwa hawana."

Jioni hiyo Mektrida aliingia kidato cha pili, akamwomba Bernadetha Kessy madaftari yake ya Kiingereza, yote, tangu kidato cha kwanza. Yalikuwa mawili tu. Alikaa kwenye dawati la nyuma na kuyasoma mwanzo mpaka mwisho.

Ukurasa wa kwanza, Februari 2002, kwa mwandiko mzuri wa kulala: naitwa Bernadetha, naishi Kilema, napenda ndizi. Kisha rangi saba. Kisha wanyama wa mbugani. Kisha siku za wiki. Aprili, mwalimu mpya: naitwa Bernadetha, naishi Kilema, napenda ndizi. Rangi. Wanyama. Siku za wiki. Juni vivyo hivyo. Septemba vivyo hivyo.

Mara tisa. Katika madaftari yote mawili Mektrida hakukuta sentensi hata moja ya jambo lililopita.

"Nilihisi masikio yanawaka," anasema. "Nilikuwa jengo la pili, mita thelathini kutoka pale. Mita thelathini, kwa miaka miwili, na funguo za majembe mfukoni."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule na kuyaweka madaftari mezani.

"Kaa, Madam," Minja alimwambia.

"Nitasimama, Mkuu. Hawa watoto wana mtihani wiki nne zijazo, na hawajafundishwa hata kusema walikula nini jana."

"Watafundishwa."

"Na nani? Hanna anaondoka Ijumaa."

"Anakuja mwingine."

"Ataanza na rangi. Nipe mimi hizo wiki nne. Uraia nitafundisha, na hiki nitafundisha."

Minja alivua miwani. "Ratiba haibadilishwi wiki nne kabla ya mtihani. Na nikuulize kwa heshima, Madam Tesha. Hili ni la watoto, au ni wivu?"

"Wivu wa nini, Mkuu?"

Minja alinyoosha kidole dirishani, palipokuwa na rundo la matofali ya maabara. "Yale pale yaliletwa na nani? Na wewe na sarufi yako?"

Mektrida anasema hajui alitokaje ofisini. Alijikuta amesimama kando ya yale matofali, ameshika moja, na mlinzi wa shule anamwuliza kama yuko salama.

Novemba wanafunzi hamsini na wanane walifanya mtihani wa kidato cha pili. Januari matokeo yalibandikwa. Arobaini na mmoja hawakuvuka.

Bernadetha alikuwa miongoni mwao. Kiingereza alipata tisa kwa mia. Ni msichana mrefu, mpole, mwenye kuongea akiangalia mikono yake. "Karatasi niliisoma mara nne," anasema. "Nilichokuwa najua kuandika ni kwamba naitwa Bernadetha na napenda ndizi. Hawakuuliza hilo."

Alikataa kutoka nje ya nyumba siku sita. Wenzake wawili hawakurudi tena. Mmoja aliolewa upande wa Tarakea, mwingine yuko Dar es Salaam akifanya kazi za ndani. Mektrida huyataja majina yao wote wawili kila anapoongea na mtu kuhusu mkasa huu, na humtaka mtu huyo ayarudie: Gladness na Theopista.

Halafu ikaja barua. Ilitoka ofisi ya elimu, nakala kwa mkuu wa shule, ikimtaka Mwalimu M. Tesha ajieleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini somo lake la Kiingereza limeporomoka kiasi kile, na kwa nini asichukuliwe hatua.

Somo lake. Mektrida aliisoma barua hiyo mara mbili, akaenda kwa karani, akaomba kuona fomu za shule zilizopelekwa ofisini kwa miaka miwili. Kwenye kila fomu, mbele ya Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, palikuwa pameandikwa jina lake.

Minja, aliyeulizwa kuhusu jambo hilo kwa ajili ya makala haya, hakukanusha. Ni mtu aliyechoka, mwenye mvi nyingi, aliyeikuta shule hii ikiwa na madarasa mawili na kuyafikisha manane.

"Fomu inataka jina la mwalimu mwenye sifa," alisema. "Wageni hawana cheti. Ningeandika nani? Na matofali hayaanguki kutoka mbinguni. Nilikuwa natafuta maabara kwa ajili ya watoto haohao. Sisemi sikukosea mahali."

Mektrida aliposomewa maneno hayo alisema, "Ndiyo hapo sasa. Kwenye karatasi nilikuwa na sifa. Darasani sikuwa nazo."

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Machi, katika ukumbi wa shule. Watu walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wenseslaus Temba, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa. Mkuu wa shule alizungumza kwanza. Alisema matokeo yanasikitisha, watoto hawajitumi, wazazi hawafuatilii, na baadhi ya walimu wa masomo wameshaandikiwa barua.

Mektrida aliinua mkono. Mzee Wenseslaus akampa nafasi.

"Aliyeandikiwa barua ni mimi," alisema. "Sitaki kujitetea kwa maneno. Naomba mzazi mmoja anayejua Kiingereza kidogo asogee mbele asome."

Watu wakamsukuma Primus Kessy, maana ndiye aliyekuwa akijisifu kilabuni. Mektrida akamkabidhi madaftari. Primus alipoona jina kwenye jalada akatabasamu, akasema, "La binti yangu hili," akasafisha koo.

Alisoma kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza cha mlimani, kisha akatafsiri. Naitwa Bernadetha. Naishi Kilema. Napenda ndizi. Watu wakacheka kwa furaha, wengine wakapiga makofi.

"Asante, Baba Bernadetha. Fungua pale nilipoweka kikaratasi cha pili."

Akasoma. Naitwa Bernadetha. Naishi Kilema. Napenda ndizi. Vicheko vikatoka tena, lakini haba.

"Cha tatu."

Alipofika cha tatu hakuna aliyecheka. Alipofika cha nne sauti yake ilikuwa imeshuka. Cha tano alikifungua, akakiangalia, na hakukisoma. Alibaki ameshika daftari kwa mikono miwili mbele ya kijiji kizima, mtu ambaye hubeba mizigo ya watu hadi kwenye barafu.

"Viko tisa," Mektrida akasema. "Miaka miwili. Na jina lililoandikwa kwamba ndilo lililofundisha haya ni langu."

Mkuu wa shule alianza kusema kwamba si vema kuyajadili mambo ya kitaaluma hadharani. Hakumaliza. Mke wa Primus, Doris, alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Ni mwanamke wa maneno machache, muuza ndizi wa sokoni, na wengi wanasema hawakuwahi kumsikia akiongea mkutanoni.

"Jina la Bernadetha nilimpa mimi," alisema. "Alikuja hapa tayari analo."

Akakaa. Kisha wazazi wengine wakaanza kudai madaftari ya watoto wao, na mkutano uliokuwa uishe saa sita uliisha saa kumi.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Jumatatu yake mambo yote yalinyooka. Hayakunyooka. Mkuu wa shule alisema mkataba umesainiwa na maabara imefika usawa wa linta, hivyo hauwezi kuvunjwa. Alichoruhusu ni Mektrida kuwafundisha wanaorudia baada ya saa za shule, na si ndani ya majengo ya shule, kwa sababu za usalama ambazo hakuzieleza.

Mzee Wenseslaus alimpa funguo za ghala. "Kahawa yenyewe haipo," alimwambia. "Weka watoto."

Wazazi walitaka kumlipa, kama wanavyolipa masomo ya ziada kwingine. Alikataa. "Nikipokea shilingi moja, siku ya pili itasemwa nililia kwa sababu natafuta wateja," anasema. "Mtu akileta ndizi nitapika mtori, na atakula nami. Hela, hapana." Wapo walimu wenzake waliomnunia kwa sababu hiyo, kwamba anaharibu bei. Mmoja hamsalimii hadi leo.

Barua aliijibu kwa ukurasa mmoja. Aliambatanisha ratiba za miaka miwili na daftari moja la Bernadetha, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kwa wiki tisa hakupata jibu. Usingizi ukamwisha, akakonda, akawa anawafokea hata ng'ombe. Valerian, mwanawe, alimwomba aombe msamaha yaishe, maana kazi ikipotea nyumba nzima italala njaa.

"Nilimwuliza, niombe msamaha wa nini? Akasema, wa chochote, mama. Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira, kwa sababu mtoto wangu mwenyewe alikuwa ameshajifunza kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoishi."

Mei wakaguzi walifika bila taarifa. Walikaa siku mbili, wakaingia madarasani, wakauliza watoto maswali. Juni ikaja barua fupi: Mwalimu Tesha hana kosa la kujibu. Barua nyingine, iliyokwenda kwa mkuu wa shule, ilimwagiza kwamba jina lililo kwenye fomu liwe ndilo lililo darasani. Tangu Julai, kidato cha pili kimerudi mikononi mwa Mektrida, asubuhi, ndani ya shule, na chaki ya shule.

Lakini kidato cha kwanza bado kiko kwa wageni hadi mkataba uishe Desemba. Kwenye fomu, nafasi ya jina la mwalimu wao sasa imeachwa wazi. Ndiyo maana anabaki ghalani kila alasiri na hawa thelathini na wanne, kabla hawajawa Bernadetha mwingine. Wageni wawili wa mwezi huu walikuja kumwuliza kama wanaweza kusikiliza. Aliwaonyesha gunia la kukalia.

Bernadetha yeye sasa ni wa tatu darasani kwa Kiingereza kati ya wanaorudia. Wiki iliyopita alisimama akasimulia, kwa Kiingereza, jinsi ndama wao alivyotumbukia mferejini na baba yake akamtoa. Alikosea mara mbili na kujisahihisha mara moja. Mektrida anasema hakumsifu, alimwambia tu aendelee, kwa kuwa hasifu kazi ambayo haijaisha.

Akiulizwa kama amemsamehe mkuu wa shule, hujibu: "Tunasalimiana. Maabara imeisha na ni nzuri, nilikwenda kuiangalia. Lakini nitamsamehe siku Gladness na Theopista watakaporudi shule, na hao hawarudi. Basi tuache hivyo."

Anachokitaka sasa kina tarehe. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba. Kati ya arobaini na mmoja, amebaki na thelathini na tisa, na amejiwekea kwamba wote wavuke. Januari atadai kidato cha kwanza kwa maandishi, na ikibidi kwa mkutano mwingine. Anaandaa pia madokezo yake ya sarufi yapigwe chapa na kudurufiwa, kwa Kiswahili na Kiingereza ukurasa kwa ukurasa, ili hata akihamishwa kesho wasirudi kwenye rangi.

Watu humwambia anataka kuwafanya watoto wa Kilema wawe Waingereza. Hapo hasira humpanda upya, na hujibu akiwa amesimama.

"Sitaki Waingereza. Nataka mtoto wa hapa afungue karatasi ya biolojia, alisome swali, aelewe ameulizwa nini. Akilikosa, sawa, alikose. Lakini iwe ni biolojia imemshinda."